Mpima Sumu Anayelipwa na Mwenye Sumu

Katikati ya miaka ya 1930, Wilhelm Hueper alikwenda kukagua kiwanda cha rangi cha kampuni ya DuPont huko Deepwater, New Jersey, akakuta chumba kinang'aa. Sakafu imesuguliwa, mitambo imefutwa, madirishani hamna hata vumbi. Hueper alikuwa daktari wa patholojia, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, na alitaka kuona mahali inapotengenezwa beta-naftilamini, kemikali aliyoishuku kuwapa wafanyakazi saratani ya kibofu cha mkojo. Akausifu ule usafi mbele ya msimamizi mmoja. Yule bwana akamwambia, kwa ukweli ambao pengine ulimponyoka, kwamba angefika usiku uliotangulia angeona kazi, kwa maana walikesha wakisafisha kwa ajili ya ujio wake. Hueper akaomba apelekwe jengo la mbele kidogo barabarani, la benzidini, ambako hakuna aliyemtarajia. Huko unga mweupe ulikuwa umetapakaa njiani, kwenye jukwaa la kupakilia mizigo, madirishani na sakafuni. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe baadaye. Alimwandikia mmoja wa wenye kampuni kumweleza aliyoyaona, na hakuitwa tena kukitembelea kiwanda kile.

Hueper hakuwa mkaguzi wa serikali wala mwandishi wa habari. Alikuwa mwajiriwa wa DuPont, katika maabara ya Haskell ambayo kampuni iliifungua mwaka 1935 huko Delaware, mojawapo ya maabara za kwanza za toksikolojia kujengwa na kiwanda kwa fedha zake chenyewe. Mshahara wake ulitoka katika mfuko uleule ulionunua sabuni ya kukisugulia kile chumba. Swali zima la kazi hii limo humo, na miaka 90 haijalifuta: mtu anaweza kumpimia sumu mwenye sumu, akala kwa mkono wake, kisha akasema neno ambalo mwenye mali hataki kulisikia? Jibu langu ni kwamba anaweza kuuona ukweli, na mara nyingi huuona kabla ya mtu mwingine yeyote. Kuutoa nje ya geti ni shughuli nyingine, na hiyo haijawahi kutegemea dhamiri yake peke yake.

Wengi wetu tukisikia mtaalamu wa sumu tunamfikiria mtu wa ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, anayepelekewa sampuli kutoka kwenye maiti. Huyo hufika baada ya msiba. Wa kiwandani huajiriwa ili afike kabla: apewe kemikali ambayo bado haina hata jina la dukani, aseme itamfanya nini mtu atakayeimeza, atakayeivuta puani, au atakayeishika kila siku kwa miaka 20. Utamkuta katika kampuni za dawa, za viuatilifu, za vipodozi, za plastiki, hata za rangi za kuchorea pipi.

Kazi hiyo ilipata nguvu ya sheria baada ya maziko. Mwaka 1937 kampuni ya S. E. Massengill ya Tennessee iliuza dawa ya maji ya salfanilamide, tamu, yenye ladha ya rasiberi. Mkemia wake alitafuta kimiminika cha kuyeyushia ule unga, akapata diethileni glaikoli. Ladha ilipimwa, harufu ilipimwa, rangi ilitazamwa, basi. Hakuna panya aliyepewa hata tone. Zaidi ya watu 100 walikufa, watoto wakiwemo, kwa kufeli figo. Sheria ya wakati ule haikumkataza mtu kuuza dawa asiyoipima, kwa hiyo kampuni ilitozwa faini kwa kosa la jina: iliita dawa yake eliksiri, na eliksiri sharti iwe na kilevi ndani yake. Mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya kumtaka mwenye dawa mpya athibitishe usalama wake kwanza, auze baadaye.

Upimaji wenyewe, ukiutazama kwa mbali, ni hesabu ya kuchosha. Panya hugawanywa makundi. Kundi moja halipewi kemikali, mengine hupewa dozi ndogo, ya kati na kubwa, kwa siku 28, au 90, au miaka miwili ikiwa kinachotafutwa ni saratani. Wanapimwa uzito, damu na mkojo. Mwishoni wanachinjwa, na viungo vyao vinakatwa vipande vyembamba vya kutazamwa kwa hadubini. Inatafutwa dozi ya juu kabisa ambayo haikuleta madhara yanayoonekana, kisha inagawanywa kwa 100. Kumi ya kwanza ni kwa sababu mtu si panya. Kumi ya pili ni kwa sababu mtu si sawa na mtu: yupo mtoto, yupo mjamzito, yupo mgonjwa wa figo. Hiyo mia ilipendekezwa mwaka 1954 na Lehman na Fitzhugh, wataalamu wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, nayo ipo hadi leo nyuma ya viwango vingi vya mabaki ya dawa katika mboga tunazokula. Haikupatikana kwa kipimo chochote cha maabara. Ni tahadhari ya watu wazima, imevalishwa nguo ya hesabu, na imekaa vizuri kuliko wengi walivyotarajia.

Yote hayo kijana mwenye shahada ya kwanza anaweza kuyafanya kwa kufuata mwongozo. Mwandamizi, yule mwenye uzoefu wa miaka 15 au 20 ambaye sahihi yake huhitimisha ripoti, analipwa kwa yale ambayo mwongozo hauyasemi. La kwanza ni kuchagua mnyama. Hueper alipotaka kuthibitisha shaka yake juu ya beta-naftilamini, aliacha panya akachukua mbwa, akawapa kemikali hiyo kwa muda mrefu, na wengi wao wakaota uvimbe kwenye kibofu. Panya hawaonyeshi ugonjwa huo kirahisi. Mwili wa mbwa hauna ile njia ya kikemia ambayo wanyama wengine huitumia kuipunguza makali sumu ya jamii hiyo, hivyo sumu hufika kibofuni ikiwa na nguvu zake. Angeng'ang'ania panya, kemikali ile ingeingia vitabuni kama iliyopimwa ikaonekana haina neno.

Mnyama anaweza kudanganya hata pale ambapo kila mtu amefanya kazi yake kwa uaminifu. Machi 2006, katika kitengo cha majaribio kilichokuwa ndani ya hospitali ya Northwick Park, London, vijana sita wenye afya njema walidungwa dawa mpya iliyoitwa TGN1412. Nyani walikuwa wamepewa dozi mara 500 ya ile waliyodungwa vijana wale, wakabaki wazima. Vijana wote sita waliingia chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vyao vikiacha kufanya kazi kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyekufa, lakini mmoja alipoteza vidole. Baadaye ikagundulika kwamba aina fulani ya chembe za kinga za nyani wale haikuwa na kitasa ambacho dawa hiyo ilitengenezwa kukifungua. Mgawanyo wa 500 ulikuwa ulinzi wa karatasi tu. Wadhibiti wa Ulaya walibadili mwongozo wa dozi ya kwanza kwa binadamu mwaka uliofuata.

La pili, na hapa nitakaa kidogo, ni ini. Ini la panya aliyepewa kemikali hukua, kama bega la kuli linavyokomaa kwa magunia, kwa sababu limeongezewa kazi ya kuvunjavunja kitu kigeni. Je, kukua huko ni madhara, au ni mwili tu unajipanga? Ukisema mwili unajipanga, dozi inayohesabiwa kuwa salama inapanda. Ukisema ni madhara, inashuka, na pengine bidhaa nzima inakufa ikiwa na mamilioni ya dola yaliyokwisha kumwagwa ndani yake. Majibu yote mawili yanaweza kutetewa mbele ya wasomi kwa makala zilizochapishwa. Hakuna mashine inayoamua. Anaamua mtu mwenye kalamu, na ghorofa ya juu yake yupo meneja wa bidhaa anayesubiri.

Maabara ileile ya Haskell ilikutana na ini la namna hiyo mwaka 1961. Kemikali iliitwa C8 kiwandani, PFOA kwa wanasayansi, na ilitumika kutengeneza Teflon katika kiwanda cha karibu na mji wa Parkersburg, West Virginia. Maini ya panya yalikuwa yakikua. Dorothy Hood, aliyekuwa mkuu wa toksikolojia wa DuPont, aliwaandikia wakubwa kwamba kitu hicho ni sumu, kishughulikiwe kwa uangalifu wa hali ya juu na kisiguse ngozi. Hakusema kwamba ini lile linajipanga tu. Kwa kipimo cha taaluma yake alifanya kila alichotakiwa: aliona, aliandika, alitia sahihi. Onyo likakaa ndani.

Mwaka 1981 kampuni ya 3M, iliyokuwa ikiwauzia DuPont kemikali hiyo, iliwaarifu kwamba vitoto vya panya wa majaribio vilionekana na kasoro za macho. DuPont ikawahamisha wanawake kutoka sehemu ile ya kiwanda na kufuatilia watoto saba waliozaliwa na wafanyakazi. Wawili walikuwa na kasoro za macho. Mwaka 1984 ilichota maji ya bomba katika maeneo ya jirani, pande zote mbili za Mto Ohio, ikaikuta C8 humo. Uzalishaji uliendelea na majirani hawakuambiwa. Aliyelifumua jambo ni mfugaji, Wilbur Tennant, ambaye ng'ombe wake walikuwa wakifa kando ya kijito kilichopita karibu na dampo la kampuni. Wakili wake, Robert Bilott, alifungua kesi mwaka 1999, na mahakama ilipoilazimisha kampuni kukabidhi nyaraka, ndipo karatasi za maabara zilipotoka kabatini.

Utazame mfuatano huo. Mtaalamu wa ndani aliona mwaka 1961. Jirani alijua karibu miaka 40 baadaye, tena aliyemwarifu ni ng'ombe wake. Mwaka 2005 DuPont ilikubali kutoa dola milioni 16.5 katika maelewano na mamlaka ya mazingira ya Marekani, na kosa alilolidai mdhibiti lilikuwa kunyamaza: sheria ya kemikali ya nchi hiyo inamtaka mwenye kiwanda atoe taarifa akipata ushahidi wa hatari kubwa. Jopo la wanasayansi lililoundwa kutokana na kesi hiyo lilitumia taarifa na damu za watu wapatao 69,000, na kufikia 2012 likawa limeihusisha C8 na magonjwa sita, saratani ya figo na ya korodani zikiwamo. Mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka PFOA katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu.

Nikiyasoma hayo, Hood kwangu hana lawama, wala sitaki kumpamba ushujaa. Alikuwa mfanyakazi mzuri katika mpango ambao haukumpa njia nyingine ya kupitishia alichokiona isipokuwa ngazi ya ofisi ya mwajiri. Hueper alijaribu njia nyingine. Aling'ang'ania viwanda vikaguliwe na matokeo yachapishwe, na mwaka 1937 akaachishwa kazi. Habari za mbwa wake zilichapishwa 1938. DuPont iliendelea kutengeneza beta-naftilamini hadi 1955, na wafanyakazi wa Deepwater waliougua saratani ya kibofu wakafikia mamia. Yeye aliandika kitabu kinene juu ya uvimbe unaotokana na kazi, kilichotoka 1942, na mwaka 1948 akapewa kuongoza kitengo cha saratani za mazingira katika taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani. Alipata heshima yake, ila aliipata akiwa nje.

Ndani alibaki mtu wa aina ya Robert Kehoe, na ukitaka kujua kazi hii inavyoweza kuharibika bila hata karatasi moja kughushiwa, huyo ndiye wa kumsoma. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa baada ya kuwewesuka na kuzuiwa kwa nguvu, kwa sababu ya tetraethili ya risasi, ile kemikali ya kuchanganya na petroli ili injini isigonge. Wenzao waliiita gesi ya wendawazimu. Kehoe, daktari kijana, aliitwa kulichunguza tatizo, akaishia kuwa mshauri mkuu wa afya wa kampuni ya Ethyl na mkuu wa maabara ya Kettering huko Cincinnati, iliyojengwa kwa fedha za wenye bidhaa. Vipimo vyake vilikuwa vya makini. Viwanda alivisafisha kweli, na vifo vya aina ile vikapungua. Hoja yake ndiyo iliyokuwa na mtego: nionyesheni madhara kwa umma, nasi tutaacha. Anayetilia shaka ndiye alete ushahidi, na kwa takriban miaka 40 maabara yenye vifaa, fedha na ruhusa ya kuingia viwandani ilikuwa yake.

Alisema madini ya risasi ni sehemu ya kawaida ya mwili wa binadamu, kwa kuwa aliyakuta hata kwa wanakijiji wa Mexico walioishi mbali na magari. Vyombo vyao vya kulia vilikuwa na risasi. Alisema chini ya mikrogramu 80 kwa desilita ya damu mtu hana la kuogopa. Leo kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani humtaka daktari aanze kufuatilia mtoto anapofika 3.5. Aliyeivunja hoja ya Kehoe hakuwa hata mtaalamu wa sumu. Clair Patterson alikuwa mwanajiokemia aliyeipimia dunia umri wake, miaka bilioni 4.55, na katika kazi hiyo akachoshwa na risasi iliyokuwa ikiingia katika kila sampuli yake. Mwaka 1965 aliandika kwamba kile ambacho Kehoe alikiita cha asili kilikuwa cha kawaida tu, kwa sababu kila mtu alikuwa amekwisha chafuliwa.

Sisi tulikuja kuachana na petroli hiyo baadaye sana. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001, na kufikia mwanzo wa 2006 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zimeiondoa vituoni. Algeria, ya mwisho duniani, iliacha Julai 2021, na tangazo la kumalizika kwake likatolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi. Karibu miaka 100 tangu Bayway.

Msomaji atasema: kumbe dawa ni rahisi, upimaji utolewe mikononi mwa kampuni, zipewe maabara za nje. Ulitolewa. Maabara ya Industrial Bio-Test huko Northbrook, Illinois, ilikua hadi ikawa inafanya zaidi ya theluthi moja ya vipimo vya sumu vya Marekani. Mwaka 1976 mpatholojia wa serikali, Adrian Gross, alianza kusoma ripoti yake moja na kutilia shaka jinsi ilivyonyooka. Wakaguzi walipoingia ndani walikuta mambo ya kutisha. Kilikuwako chumba ambacho wafanyakazi wenyewe walikiita kinamasi: mfumo wa kuwanyweshea panya maji ulivuja, wanyama wakaishi na kufa katika unyevu, na mizoga ikaoza kabla ya kuchunguzwa. Daftarini kulikuwa na kifupisho maalumu cha mnyama aliyeoza mno. Katika ripoti zilizopelekwa kwa wadhibiti, baadhi ya wanyama hao walionekana wakiendelea kupimwa uzito. Mwaka 1983 maofisa watatu walitiwa hatiani mahakamani Chicago. Maabara ya nje nayo ina mteja, na mteja huenda akahama.

Kashfa hiyo ni mojawapo ya zilizozaa kanuni za utendaji bora wa maabara, zilizotangazwa Marekani mwishoni mwa 1978 na kupokewa mwaka 1981 na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi. Tangu hapo kila jaribio lina mkurugenzi mmoja anayebeba jukumu, kila takwimu ina tarehe na sahihi, daftari la awali halitupwi, na kipo kitengo cha ukaguzi kisichokuwa chini ya mkurugenzi huyo. Kwangu hayo ni mapinduzi makubwa kuliko mashine yoyote iliyoingia maabara. Yana upungufu mmoja tu. Kanuni zinathibitisha kwamba kilichoandikwa kilifanyika. Haziulizi kama swali lililoulizwa ndilo lililostahili kuulizwa. Kehoe angezipita bila taabu.

Nimeeleza waliokwama na waliopotoka, na hilo halimtendei haki mtaalamu wa kawaida. Ushindi wake haupigwi picha. Kemikali aliyoizuia mezani haikupata jina, haikupata tangazo la redio, wala mtoto wa kuzaliwa na kasoro. Idadi kubwa ya dawa zinazobuniwa hufia njiani, na sumu ni mojawapo ya sababu kuu, maana yake ni kwamba kila siku mahali fulani mtu mwenye koti jeupe anawaambia wakubwa wake kwamba mradi wao umekwisha, na wanamsikiliza. Humsikiliza kwa sababu kumpuuza leo ni ghali. Hesabu ya fidia za C8 imefanya kazi ambayo mahubiri hayakuiweza. Siku hizi pia ana vifaa ambavyo Hueper hakuviota: chembe za binadamu zinazooteshwa kwenye sahani, kipimo cha bakteria cha Bruce Ames cha miaka ya 1970 kinachoonyesha kwa siku chache kama kitu kinaharibu vinasaba, na kompyuta zinazokisia. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2013 kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama, na wanaotengeneza krimu hawajafilisika.

Huku kwetu mtu huyu ni adimu. Kiuatilifu kikifika kusajiliwa na mamlaka ya viuatilifu ya Tanzania, TPHPA, huko Arusha, au na bodi ya Kenya, PCPB, Nairobi, mara nyingi hufika na faili ambalo kampuni yenye bidhaa imeliandaa mbali. Msajili wetu husoma hukumu za mwandamizi ambaye hatakutana naye. Faili hilo linaweza kuwa la kweli tangu jalada hadi jalada na bado lisituhusu vya kutosha, kwa sababu kila jaribio limejengwa juu ya picha fulani ya mtumiaji: mtu mwenye glavu, buti, miwani, anayesoma lebo. Mtu wa Mwea au wa Mbeya aliyebeba bomba mgongoni saa sita mchana, fulana ikiwa imelowa jasho na dawa, hayumo katika picha hiyo.

Wala simba hawamo. Furadan, dawa ya wadudu yenye kabofurani, ilisajiliwa Kenya kwa ajili ya mashamba. Wafugaji waliochoshwa na kupoteza mifugo wakagundua kwamba kiasi kidogo kikipakwa kwenye mzoga kinaua simba, fisi na tumbusi kwa mkupuo. Baada ya habari hizo kuoneshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 2009, kampuni ya FMC ikaanza kuzinunua tena chupa zilizobaki madukani Kenya. Mtaalamu aliyetia sahihi faili la Furadan hakuongopa. Hakuulizwa kuhusu mzoga wa ng'ombe ulioachwa usiku porini, na hapakuwa na mtu wa hapa katika chumba chake wa kumuuliza.

Ndiyo maana sioni faida kubwa ya kuwahimiza wataalamu hawa wawe mashujaa. Hueper alikuwa shujaa, akafukuzwa, na kemikali ikaendelea miaka 18. Kilichosaidia kila mara ni kitu kikavu zaidi: sheria inayomfanya anayenyamaza awe mkosaji, daftari lisiloweza kutupwa, hakimu mwenye uwezo wa kusema lileteni. Wasajili wetu wana uwezo wa kudai vitu hivyo kama sharti la kuuza hapa, yaani takwimu za awali badala ya muhtasari, ripoti za ndani zilizokatishwa njiani, na jaribio moja angalau la mtumiaji anayefanana na wetu. Soko la Afrika Mashariki si dogo tena kiasi cha kuona haya kuomba.

Kwa sababu pasipokuwa na mtaalamu wa ndani, wala wa nje anayesikilizwa, kazi humwangukia yeyote. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu ili kupata risasi, ukuta kwa ukuta na mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Alipewa kusimamia tathmini ya mazingira. Mtaalamu aliyeletwa naye akasema kiwanda kisiwe mahali pale karibu na watu, na Omido akaondolewa katika shughuli hiyo. Muda si mrefu mwanawe mchanga akaugua, akatibiwa hiki na kile, hadi damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Akaacha kazi, akaanza kuwapeleka watoto wa mtaa kupimwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha.